Nyumba Njema Katika Majira ya Kakamega

Wazee walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii hutumiwa mara nyingi kwa habari za watu na tabia zao, lakini leo twaichukua kwa maana yake ya wazi, yaani nyumba yenyewe. Twataka kuzungumza na wasomaji wetu, mabibi na mabwana, hasa wale waliooana karibuni, juu ya njia za kuyafanya makao yao yawe mahali pa kupendeza na pa mapenzi mwaka mzima, mvua ikinyesha au jua likiwaka.

Tumechagua nchi ya Kakamega kuwa mfano wetu kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa huko wana ufundi wao wa asili wa kupamba nyumba, ufundi wa udongo, rangi za ardhi na vyungu. Pili, hali ya hewa ya huko ni mtihani mkali kwa kila mwenye nyumba. Aliyeweza kuitunza nyumba vizuri Kakamega, hapana shaka ataweza kuitunza mahali pengi pengine.

Watu wengi hudhani kwamba nyumba nzuri ni jambo la wenye fedha tu, na kwamba mtu hawezi kupamba mpaka anunue makochi, kabati la kioo na zulia. Dhana hiyo imewaingiza wengi katika madeni, na deni ni mgeni mbaya katika nyumba ya watu wawili. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya uzuri wa nyumba hutokana na kazi ya mikono, na na kujua kazi ipi ifanywe mwezi upi.

NCHI YA MVUA NYINGI

Mji wa Kakamega uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayonyesha huko kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Karibu na mji uko msitu mkubwa unaojulikana kwa jina hilo hilo la Kakamega, nao ni baki la msitu wa mvua ambao zamani uliungana na misitu ya Uganda na Kongo. Mvua ndefu huanza mwezi wa Machi na kushika nguvu Aprili na Mei. Mvua za pili huja tangu Agosti hadi Novemba. Miezi ya Desemba, Januari na Februari ndiyo yenye ukavu kuliko mingine.

Tena mvua ya Kakamega ina saa zake. Mara nyingi asubuhi huwa na jua zuri, kisha mchana ukisogea mawingu hujikusanya, radi hupiga, na mvua hushuka kwa nguvu. Siku nyingine huja mvua ya mawe, ikapiga mabati kwa kishindo hata watu walio katika chumba kimoja wasisikizane.

Basi, mtu apambaye nyumba bila kuyafikiri majira hupoteza jasho na fedha. Pazia jeupe linalogusa sakafu mwezi wa Aprili litakuwa jekundu kwa matope kabla ya wiki kwisha. Ukuta uliosiribwa katikati ya mvua hautakauka. Bali afuataye majira huona kwamba kila msimu una kazi yake, na kila msimu una raha yake pia.

KIANGAZI: KUTA NA SAKAFU

Katika desturi za Waluhya, ujenzi wa nyumba uligawanywa baina ya mume na mke. Mwanamume alisimamisha nguzo, akafunga fito na kuezeka nyasi. Mwanamke alisiriba kuta na sakafu na kuzipamba. Mgawanyo huo una maana nzuri ya kukumbukwa hata leo, wakati mabati yamechukua mahali pa nyasi katika nyumba nyingi, na matofali yameingia kila kijiji: nyumba haikuwa mali ya mikono ya mmoja. Paa lilikuwa la bwana na ukuta ulikuwa wa bibi, na paa bila ukuta si kitu, wala ukuta bila paa haudumu.

Wako bado wengi wanaokaa katika nyumba za udongo, na haifai kuzidharau. Nyumba ya udongo iliyotunzwa vema ina ubaridi mchana wa jua na joto usiku wa mvua. Wakati wa kuitengeneza ni kiangazi. Kwanza nyufa hujazwa udongo uliokandwa barabara. Kisha husiribwa kwa udongo laini uliochanganywa na kinyesi kibichi cha ng'ombe, kwa maana nyuzi za majani zilizomo hushika udongo usipasuke unapokauka. Mwisho huja rangi. Ardhi yenyewe ni duka la rangi: udongo mwekundu, udongo mweupe, udongo wa manjano, majivu kwa rangi ya kijivu, na masizi au makaa yaliyosagwa kwa weusi.

Mpita njia huona kwamba nyumba nyingi za udongo zina utepe mpana wa rangi nzito chini ya ukuta, na rangi nyeupe au nyepesi juu yake. Asidhani ni mapambo tu. Maji yaangukayo kutoka paa hurusha matope chini ya ukuta, na utepe ule mweusi au mwekundu huyaficha. Tena safu ile ya nyongeza huulinda ukuta mahali panaposhambuliwa zaidi. Hapa twaona kanuni kubwa ya upambaji: uzuri unaofanya kazi hudumu kuliko uzuri wa kutazamwa tu.

Sakafu nayo isisahauliwe. Sakafu ya udongo isiyosiribwa hutoa vumbi, na katika vumbi hukaa funza. Mdudu huyu hakuwako katika nchi zetu tangu zamani. Asili yake ni Amerika, akafika pwani ya Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kuvuka bara lote mpaka pwani ya mashariki. Mpaka leo huwatesa watoto na wazee katika sehemu za Kenya ya Magharibi, huwaharibu miguu na kuwazuia kwenda shule na kazini. Sakafu ilionyunyiziwa maji, ikafagiwa na kusiribwa mara kwa mara, humnyima funza maskani. Mwenye uwezo wa kuweka saruji na aweke saruji kabla ya kununua zulia. Mapenzi gani yatakaa katika nyumba ambayo watoto hulia usiku kwa maumivu ya miguu?

Watu wa pwani nao walijua kwamba ukuta ni mapambo ya kwanza. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ambao mwaka 2001 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kuta za vyumba vya ndani zilichongwa kwa chokaa, zikafanyiwa zidaka, yaani vishubaka vingi vya kuwekea vyombo vya kauri. Chumba kile cha ndani kilikuwa cha bibi wa nyumba, na humo harufu ya udi na asumini ilikuwa sehemu ya mapambo sawa na kitu cha kuonekana kwa macho. Chokaa ya Lamu na udongo wa Kakamega ni vitu mbalimbali, lakini fikira ni moja: pamba kwanza kile ulichokijenga, ndipo ufikiri kununua.

MVUA NDEFU: RAHA YA NDANI

Mvua za Machi zikianza, kazi ya nje hupungua jioni na watu hukaa ndani zaidi. Huu ndio wakati ambao nyumba hupimwa. Je, ni mahali ambapo bwana hutamani kurudi mapema, na bibi hutamani kukaa naye? Au ni mahali penye moshi, unyevu na giza, ambapo kila mmoja hutafuta sababu ya kutoka?

Jambo la kwanza ni mlango. Wekeni gunia zito au mkeka wa kufutia miguu, na karibu yake beseni la maji na mahali pa kuacha viatu vya matope. Jambo la pili ni unyevu. Kitanda na kabati visigusane na ukuta. Acheni nafasi ya upana wa kiganja ili hewa ipite, la sivyo kuvu itashika nguo na godoro. Kwa kuwa jua hutoka asubuhi, madirisha yafunguliwe mapema, matandiko yaanikwe, na nguo zifuliwe kabla ya saa tatu. Anayengoja mpaka mchana atazianua zikiwa zimelowa upya.

Jambo la tatu ni chandarua. Malaria ipo Kakamega mwaka mzima, na mbu huongezeka mvua zinapoacha madimbwi. Wengi hukitundika chandarua kama mzigo, kimefungwa fundo na kamba za rangi mbalimbali. Lakini chandarua kilicho safi, kilichotundikwa sawasawa kutoka mahali pamoja juu ya kitanda na kushuka pande zote, ni pambo zuri kupita pazia lolote la chumba cha kulala. Kina faida mbili, huwakinga wenye nyumba na hukipa kitanda heshima yake.

Jambo la nne, na kubwa kuliko yote, ni moshi. Katika desturi za zamani za Waluhya, bibi arusi alipika kwanza katika jiko la mama mkwe, na siku alipopewa jiko lake mwenyewe ndipo nyumba yake ilipohesabiwa kuwa imesimama. Jiko basi ni moyo wa ndoa. Lakini mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na tundu la moshi ni hatari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu kama milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya moshi wa majumbani, na wanaoketi karibu na moshi huo kwa saa nyingi ni akina mama na watoto wadogo. Katika Kenya ya Magharibi mafundi wa vyungu, wengi wao wanawake, wamefinyanga kwa miaka mingi majiko ya udongo yanayojengewa jikoni, kama lile liitwalo Upesi, ambalo hutumia kuni chache kuliko mafiga. Bwana anayetaka kumpa mkewe zawadi ya mapenzi na amjengee jiko la namna hiyo, afungue dirisha la pili jikoni, na kuacha nafasi ya kutokea moshi chini ya paa. Zawadi hiyo ataikumbuka kila siku, kuliko kitambaa cha shingo kitakachochujuka.

Mkisha kufanya hayo, jioni za mvua zitakuwa tamu. Taa moja yenye mwanga wa kadiri, chai ya mchaichai iliyochumwa kando ya nyumba, mahindi ya kuchoma, na watu wawili wakizungumza huku mvua ikinyesha juu ya mabati. Nani atasema kwamba anasa hii ni ya matajiri tu?

MAVUNO: MAHINDI SEBULENI

Mwezi wa Agosti mahindi ya mvua ndefu hukomaa, na papo hapo mvua za pili huanza. Kwa hiyo mavuno hukimbizwa ndani yasilowe. Matokeo yake yanajulikana na kila mtu: sebule hujaa magunia, viti husukumwa kona, panya huja, na wageni hupokewa uani. Nyumba iliyopambwa kwa miezi sita huharibika kwa siku mbili.

Dawa yake si kumkemea bibi, bali ni kujenga ghala mapema, mwezi wa Juni au Julai, lililoinuliwa kutoka ardhini na kuezekwa vema. Hiyo ni kazi ya bwana, na wakati wake ni kabla ya mavuno. Ghala ni pambo la sebule, ingawa halimo ndani yake.

Na mavuno yakiuzwa, fedha huingia, na hapo yafaa tuseme wazi. Na tuchukue mfano wa nyumba ambayo bwana anafanya kazi mjini na bibi yuko shambani. Bwana ameona makochi makubwa kwa rafiki yake, akakopa, akayaleta kwa gari. Majirani walisifu. Lakini paa lilikuwa linavuja, na mvua ya kwanza ililowesha kochi la kati. Deni lilibaki miezi mingi, karada ya shule ikacheleweshwa, na kila bwana alipokuja nyumbani mazungumzo yalikuwa ya fedha. Makochi yalinunuliwa kuleta raha, yakaiondoa. Lau wangekaa wawili wakashauriana, wangetengeneza paa kwanza, wakanunua viti viwili vya mbao kwa seremala wa karibu, na bibi akavifanyia mito. Methali yasema, "Mke ni nguo, mgomba kupalilia." Kupalilia si kununua kitu kikubwa mara moja, ni kazi ndogo inayorudiwa.

MVUA ZA PILI: MAUA NA VYUNGU

Tangu Septemba hadi Novemba nchi hupamba wenyewe wake. Tithonia, ile miti midogo yenye maua ya manjano inayopandwa kuwa ua wa mashamba, huchanua kando ya njia. Mijakaranda hutandaza maua ya zambarau. Wengi hupita bila kuangalia, kisha huenda sokoni kununua maua ya plastiki yanayokusanya vumbi mwaka mzima.

Watu wa Japani wana desturi ya kutenga mahali padogo katika chumba cha wageni, paitwapo tokonoma, ambapo huweka picha moja na maua machache, na kuvibadili kwa kadiri ya majira. Hawajazi chumba chote. Mahali pamoja tu panatosha kumwambia mgeni kwamba wenye nyumba wanaishi wakiona mwaka unavyokwenda. Jambo hili laweza kufanywa Kakamega bila gharama. Tengeni meza moja ndogo. Kiangazi iwekeni mabua makavu ya mtama. Wakati wa mvua, majani mabichi. Agosti, masuke ya mahindi. Oktoba, maua ya manjano ya ua wenu wenyewe.

Na chombo cha kuyawekea kipo. Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, ni mahali maarufu pa wafinyanzi. Udongo hutolewa bondeni, hukandwa, na chungu hujengwa kwa mikono kwa kuongeza udongo duara juu ya duara. Nakshi hupigwa kikingali kibichi, kisha chungu hukaushwa polepole kivulini, kwa kuwa kikikaushwa haraka hupasuka, ndipo huchomwa. Wakati wa mvua kazi hiyo ni ngumu, maana vyungu havikauki upesi. Siku hizi plastiki na sufuria zimewapunguzia wafinyanzi wateja wa vyungu vya kupikia na vya maji, nao wamegeukia kufinyanga vyungu vya maua pia. Anunuaye chungu chao hupata pambo, na humsaidia fundi asiuache ufundi wake. Mtungi wa maji wa udongo nao urudi mahali pake sebuleni: maji hupenya kidogo katika tumbo lake, hewa huyakausha, na kwa hiyo yaliyomo hubaki baridi bila mtambo wowote.

DESEMBA: NYUMBA YA WAGENI NA YA WENYEWE

Mwezi wa Desemba wana wa Kakamega hurudi kutoka Nairobi, Mombasa na kwingineko, na nyumba husiribwa upya kwa ajili ya Krismasi. Vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono hutolewa sandukuni na kutandazwa juu ya viti, meza na redio. Ufundi huu wa sindano ulienea sana kwa njia ya shule na vyama vya akina mama. Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925 iliwafundisha walimu pamoja na wake zao utunzaji wa nyumba, na vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kushona, kupika na usafi. Kwa hiyo kitambaa cha kochi si kitu cha kuchekwa kama wafanyavyo vijana wengine wa leo. Ni saa za mama mmoja, fundo kwa fundo, alizozitumia ili kiti cha mbao kipate heshima.

Lakini tuna neno moja la kusema juu ya desturi ya Desemba. Nyumba nyingi hupambwa kwa wageni tu. Vikombe vizuri hukaa kabatini mwaka mzima, vikingoja mtu wa kutoka mbali, na bwana na bibi wenyewe hunywa katika vikombe vilivyovunjika mikono. Mgeni hukaa siku mbili. Wenye nyumba hukaa miaka hamsini. Je, ni nani anayestahili kikombe kizuri? Kumheshimu mgeni ni wajibu, na mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini nyumba ambayo wenyewe hawaonjeshani uzuri wake ni duka la maonyesho.

Twawashauri wasomaji wetu wachague jioni moja ya kila wiki, hata katikati ya mvua ya Mei, watandaze kile kitambaa cheupe, watoe vile vikombe viwili, waweke maua ya msimu mezani, wakae pamoja. Kikombe kikivunjika, kimevunjika kikitumika, wala si hasara kubwa kuliko kikombe kilichorithiwa na watu wasiojua ladha ya chai yake.

Kwa kifupi, kazi za mwaka ni hizi: Januari na Februari, tengenezeni kuta, sakafu na paa. Machi hadi Mei, pigeni vita na moshi, matope na unyevu. Juni na Julai, jengeni ghala. Agosti hadi Novemba, leteni maua ndani, na fedha za mavuno zitumiwe kwa shauri la wawili. Desemba, wapokeeni wageni kwa furaha. Hakuna hata moja katika hizo inayohitaji mkopo, na hakuna hata moja inayofaa kuachiwa mtu mmoja. Mume na mke watakaozigawana kazi hizi wataona kwamba nyumba yao inapendeza, na zaidi ya hayo wataona kwamba katika kuipamba nyumba wamekuwa wakitunza ndoa yao.